Ella Fitzgerald: anza na piano moja, okestra ije baadaye

Ukimtafuta Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani, kwenye programu za muziki, kwanza utaletewa mkusanyiko uliokorogwa: wimbo wa 1938 kando ya wa 1964, bendi kubwa kando ya piano. Baada ya nyimbo kumi vyote vinakuwa uji mmoja, na msikilizaji anaondoka akisema ana sauti nzuri lakini haina uchungu. Malalamiko hayo ni ya zamani, na mara nyingi yanatokana na mpangilio mbaya wa kusikiliza.

Anza na nyimbo 8 za ndugu wawili watunzi, George na Ira Gershwin, alizorekodi kwa kampuni ya Decca mwaka 1950. Wapo wawili tu, Ella na mpiga piano Ellis Larkins. Leo utazikuta kwenye albamu iitwayo Pure Ella, pamoja na 12 walizorekodi mwaka 1954. Chagua "Someone to Watch Over Me". Kiini chake kina vipande 32 vya mapigo manne manne: tuni ya vipande 8, tuni hiyo hiyo tena, daraja la vipande 8 linalokwenda kwingine, kisha tuni ya kwanza inarejea. Mara ya kwanza hesabu kwa vidole hadi ujue daraja linaanzia wapi. Mara ya pili acha kuhesabu, fuatilia tu anavyoiimba tuni ile kila inaporudi. Kuna neno analolitia baada ya pigo kupita, kuna irabu anayoivuta, kuna mwisho wa mstari anaouacha ufifie bila kutetemesha sauti. Larkins naye anapiga kwa upole, akijaza nafasi Ella anapovuta pumzi. Uchungu upo. Ila haulii.

Sasa usikie toleo la 1959 la wimbo huo huo, okestra ikiwa imepangwa na Nelson Riddle. Fidla zimebeba sehemu ya kazi ambayo piano iliiacha kwa mwimbaji, naye anaimba kwa utulivu zaidi. Aliyeanza na toleo hili huusikia utulivu huo kama ubaridi.

Toleo la 1959 limo kwenye Song Books, albamu 8 ambazo mtayarishaji Norman Granz alizitoa kupitia kampuni yake ya Verve kati ya 1956 na 1964, kila moja ikiwa ya mtunzi mmoja au watunzi wawili. Usizisikilize kwa mkupuo. Ya Gershwin peke yake ina nyimbo zaidi ya 50. Upande mmoja wa santuri, nyimbo tano au sita, unatosha kwa jioni. Ya Cole Porter (1956) ndiyo maarufu, ila mimi ningempa mgeni ya Harold Arlen ya 1961: mpangaji wa muziki Billy May anaisukuma bendi, na Ella anaipanda kama ngazi.

Jambo jingine huwapotosha wengi. Nyimbo hizi nyingi zilitungwa kwa ajili ya tamthilia za Broadway, na zilikuwa na utangulizi wa kumtoa mhusika kwenye mazungumzo na kumwingiza kwenye wimbo. Waimbaji wengi huukata. Song Books mara nyingi zimeuhifadhi. Mwendo wake huwa wa kujiachia, karibu na kusema, kwa hiyo usiruke mbele ukidhani wimbo umekosea njia. (Aliyezoea Morogoro Jazz au OK Jazz ajue neno "jazz" ni moja lakini mambo ni mawili: hapa hakuna sebene la kungojea.)

Mwisho nenda Berlin, tamasha la tarehe 13 Februari 1960, akiwa na wapigaji wanne tu. Wimbo "Mack the Knife" ulizaliwa mji huo huo mwaka 1928. Kabla ya kuuimba anasema wazi kwamba anatumaini atayakumbuka maneno, kisha yanampotea kweli. Tuni haimpotei. Anatunga maneno papo hapo, anawataja Bobby Darin na Louis Armstrong waliouimba kabla yake, anaiga sauti ya Armstrong, huku wimbo ukipanda ufunguo hatua kwa hatua.

"How High the Moon" ya usiku huo uisikilize peke yake. Maneno yakiisha anaingia kwenye silabi tupu. Angalia konsonanti: b na d zinapiga kama mdomo wa tarumbeta, ufundi alioukomaza miaka ya 1940 akizunguka na bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie. Ndani yake anachomeka vipande vya nyimbo nyingine, na karibu na mwisho anachukua "Smoke Gets in Your Eyes" (moshi huingia machoni), anatoa moshi, anaweka jasho.