Siku moja maishani mwangu: Jumapili ya broila mjini Leipzig

Saa 11 alfajiri. Tramu karibu tupu. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wazee hapa Leipzig, na leo ni zamu ya kuku wa kuoka. Maduka Ujerumani hufungwa Jumapili, kwa hiyo kila kitu nilikipokea na kukikagua jana.

Saa 12 asubuhi. Kuku 15 wananisubiri kwenye friji. Kabla ya kiungo chochote, nawakausha kwa karatasi za jikoni, nje na ndani, hadi ngozi inashika kidole. Ngozi ikiwa na maji itatokota tu, haitakauka. Kisha chumvi, pilipili manga, paprika tamu isiyowasha, na majorani, kiungo cha majani makavu, niliyoifikicha viganjani. Tumboni kitunguu na kipande cha tofaa. Basi.

Hiyo "basi" nilichelewa kuikubali. Kwetu Tanga, kuku asiye na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu ni chakula cha mgonjwa. Wiki zangu za kwanza niliviongeza kimyakimya, na sahani zikarudi zimejaa. Wazee hawa wanataka kuku aliyeokwa na mama zao, nami naona ni haki yao.

Saa 2. Viazi, karoti, liki, na mzizi wa seleri, mkubwa kama ngumi mbili, umejaa udongo kwenye mikunjo. Ukiumenya tu, harufu yake inajaza jiko zima. Nakata vipande vikubwa, navitandaza kwenye trei, kuku juu yake, ili mafuta yanayodondoka yaziingie mboga.

Saa 4. Oveni nyuzi 180. Kila baada ya dakika ishirini nawamwagia mchuzi wao wenyewe kwa upawa. Dakika kumi za mwisho napandisha hadi 220, ngozi inaanza kupasukapasuka kwa sauti ndogo. Kipimajoto nakichoma pajani, pale penye nyama nene, bila kugusa mfupa. Kwa wazee sitoi kuku chini ya nyuzi 75, hata wahudumu wakigonga mlango.

Saa 5 na nusu. Kuku wamepumzika, nawakata robo robo. Mchuzi wa trei nauchuja, naengua mafuta, nauchemsha upungue. Wasioweza kutafuna nawasagia nyama yao pamoja na huo mchuzi, na kila mboga naisaga peke yake ili karoti ibaki na rangi ya karoti.

Saa 6 mchana. Bibi mmoja wa miaka 91 anainua uso: "Broiler?" Ndivyo kuku wa kuoka alivyoitwa Ujerumani Mashariki ya zamani, ambamo Leipzig ilikuwa, na hapa jina halijafa. Bavaria, kusini mwa Ujerumani, wangesema Hendl. Mara ya kwanza nilishtuka, maana kwetu broila ni kuku wa kisasa angali bandani. Namwekea bawa, analolipenda. Anavua ngozi, anaila kwanza, macho ameyafumba.

Saa 8. Sampuli za chakula, za kupimwa endapo mtu ataugua, zimeingia friza, trei zimesuguliwa. Migongo ya kuku inachemka polepole na majani ya liki, kesho iwe supu ya tambi.

Saa 10 jioni mama anapiga simu.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Broila, mama."

"Hao hawana ladha."

"Huyu anayo, mama. Nikija likizo nitakupikia."