Furukombe wa Luchelele: nilipoacha mtumbwi nikasimama nchi kavu

Nina picha zaidi ya 200 za mgongo wa furukombe, yule tai anayevua samaki. Kwa miezi minne nilikuwa nakodi mtumbwi Luchelele, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, alfajiri, tunapishana na wavuvi wa dagaa wanaorudi na taa zao, kisha tunatulia majini mkabala na mkuyu anaopenda kutua. Akishuka kuvua, ananipa mgongo. Jua nalo linanipiga usoni, ndege anatoka mweusi tii.

Mzee mwenye mtumbwi alinihurumia. "Mwanangu, nikutupie sato mdogo hapo, aje karibu?" Nilimshukuru, nikakataa. Najua wengi hupata picha zao hivyo, ila mimi namtaka ndege anayejitafutia, anayekosa mara tatu akapata ya nne.

Kumbe dawa ilikuwa kwenye upepo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, ndiyo maana asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka. Wavuvi wote wanalijua hilo. Na ndege mzito kama furukombe hapendi kuruka wala kushuka akiwa ameupa upepo mgongo. Huukabili ili umbebe. Sasa, huku kwetu nchi kavu iko mashariki ya Ghuba ya Mwanza, ndiko jua linakochomoza. Kwa hiyo asubuhi, aliyesimama ufukweni ana jua mgongoni na upepo mgongoni, na furukombe akishuka anamjia uso kwa uso. Mimi nilikuwa nalipa hela ili nikae upande usiofaa!

Nikahamia kwenye majabali. Mkono nilikuwa nimeshauzoeza mwaloni Kirumba, kwa mwewe wanaopora dagaa kwenye vichanja. Ukiweza kumfuata mwewe kwa lenzi ya milimita 400, furukombe hakushindi. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, niliiweka 1/2500 ya sekunde.

Kilichonisumbua zaidi ni kichwa chake. Ni cheupe pe, mabawa meusi, tumbo la kahawia iliyoiva. Ukiiachia kamera ijipimie mwanga, inasikiliza weusi wa mabawa na maji, na kichwa kinabaki doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Nikapunguza mwanga hatua moja nzima. Giza la mabawa utalinyanyua baadaye kwenye kompyuta, lakini weupe ulioungua haurudi.

Asubuhi ya sita, pimbi wameshanizoea hadi wanaota jua karibu na begi langu, furukombe akainama pale tawini, akajisaidia. Ukiona hivyo, weka kidole kwenye kitufe, mara nyingi anaondoka. Akaenda mbali juu ya maji, akageuka, akaukabili upepo na mimi. Miguu ikatangulia mbele. Nilibonyeza bila kupumua.

Nilipoikuza picha nyumbani nikaona nyayo zake za manjano: ngozi ya chini imejaa vijiba vikavu kama msasa, ndivyo vinavyomzuia samaki asiteleze. Tone la maji lilikuwa bado linaning'inia kwenye ukucha.

Niliisafisha nikampelekea yule mzee. Akaishika kwa ncha za vidole, akaanza na samaki. "Sato huyu hafiki nusu kilo." Kisha akaniuliza nilikuwa nimesimama wapi, nikamwonyesha jabali.