Nilivyoacha kulikosea neno "sanction"

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno matano tu: "The board sanctioned the journey." Nikaandika kwamba bodi iliiwekea safari ile vikwazo. Mhariri aliyeipitia tafsiri yangu akaikata kwa kalamu nyekundu, maana bodi haikuzuia safari, iliidhinisha. Nilikuwa nimemgeuzia msomaji ndiyo kuwa hapana, na katika kazi hii sijui kosa kubwa kuliko hilo.

Neno hilo nilikuwa nimelizoea kwenye habari za kimataifa, kila mara likiwa katika wingi na kila mara likimaanisha vikwazo. Kamusi ikanionyesha maana mbili, idhini na adhabu, zimewekwa ubavu kwa ubavu bila neno lolote la kueleza zilikutana wapi. Nikajaribu kukariri. Haikusaidia, kwa sababu akili yangu haishiki kitu isichoona mantiki yake.

Ndipo nikalifuata hadi kwenye Kilatini. Huko kuna kitenzi "sancire", kulifanya jambo kuwa takatifu, lisiloguswa, ndugu wa "sanctus" ambalo Kiingereza kililipata kama "saint". Kwa Warumi, "sanctio" kilikuwa kile kifungu cha sheria kinachotaja adhabu ya atakayeivunja. Kilichonifungua macho hasa ni Institutiones, kitabu cha kufundishia sheria kilichotolewa kwa amri ya mfalme Justinian mwaka 533. Kinasema kuta za mji huitwa takatifu kwa kuwa anayezikosea hukumu yake ni kifo. Na kwa sababu hiyohiyo, vifungu vya sheria vinavyoweka adhabu huitwa "sanctiones". Niliyasoma maneno hayo mara tatu. Kumbe kukipa kitu hadhi na kumtisha atakayekigusa lilikuwa tendo moja! Kiingereza kilirithi tendo zima, kisha matumizi yakalipasua: upande mmoja ukabaki na baraka, mwingine ukabaki na fimbo.

Hapo nikalikumbuka neno letu wenyewe, haramu. Tunalitumia kwa kilichokatazwa, lakini msikiti mtukufu wa Makka ni Masjid al-Haram, na anayehiji huvaa ihramu. Mzizi ni mmoja wa Kiarabu, wa kutenga kitu kisichezewe. Nimelitamka neno haramu tangu utotoni bila kuona kwamba lilikuwa limebeba fumbo lilelile.

Tangu siku hiyo, nikikutana na kitenzi hiki huuliza kwanza: kinachotendwa ni nini? Ikiwa ni safari, malipo au mkataba, basi kinaidhinishwa. Ikiwa ni mtu, kampuni au nchi, basi inaadhibiwa au inawekewa vikwazo. Nomino ya wingi karibu kila mara ni vikwazo, kama vile Umoja wa Mataifa wa zamani, League of Nations, ulivyoiwekea Italia mwaka 1935 kwa kuivamia Ethiopia. (Jambo lililonishangaza ni kwamba Ibara ya 41 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayotegemewa sana kuweka vikwazo leo, haina neno hili kabisa, inasema tu hatua zisizotumia nguvu za kijeshi.)

Nomino ya umoja ndiyo yenye mitego. "Official sanction" mara nyingi ni idhini rasmi, lakini "criminal sanction" ni adhabu ya jinai. Na wanafalsafa wa maadili wanaponiletea "moral sanction", idhini haitoshi na adhabu haitoshi, kwa sababu wanazungumzia kile kinachomsukuma mtu kutii: lawama za watu, au dhamiri yake mwenyewe. Hapo naacha kutafuta neno moja. Naandika "kinachomfanya mtu atii", nasonga mbele.