Siku Saba Kabla ya Neno la Kwanza

Somo: Ezekieli 3:12–16

Wapendwa katika Bwana, amani ya Kristo iwe nanyi.

Wiki hii nimekaa na mistari hii mitano tu, kwa kuwa inamhusu mtu aliyetumwa kufundisha ugenini. Ezekieli alikuwa kuhani. Yerusalemu ilipoelemewa mwaka 597 kabla ya Kristo, alipelekwa uhamishoni pamoja na mfalme Yehoyakini hadi nchi ya Wakaldayo, yaani Babeli, na katika mwaka wa tano wa uhamisho huo Bwana akamwita. Fikirini: kuhani asiye na hekalu. Kazi yote aliyolelewa kuifanya imebaki nyuma, mbali mno. Kama umewahi kuingia darasani katika nchi ya watu ukakuta mbinu zako zote, zile ulizosifiwa kwazo nyumbani, hazishiki kitu, unaijua hali hiyo. Unajiuliza: mimi hapa ni nani hasa?

Mstari wa 14 unasema alikwenda na uchungu, roho yake ikiwaka. Nashukuru kwamba Maandiko hayakuuficha uchungu huo. Tukimuaga mpendwa anayekwenda kufundisha mbali, tunamwimbia na kumwombea kwa mikono mingi. Miezi miwili baadaye akituandikia kwamba usingizi umempaa na hamu ya chakula imekwisha, tunamtumia mstari mmoja wa kumtia moyo na kuona tumemaliza. Ezekieli alikuwa na mkono wa Bwana juu yake, tena wenye nguvu, na uchungu alikuwa nao. Vyote viwili vimo katika mstari ule ule. Basi ndugu anayelia huko aliko hajapoteza wito wake.

Ndipo unakuja mstari wa 15. Anawafikia watu wa uhamisho huko Tel-abibu, penye mto Kebari, anaketi pale walipoketi, siku saba, ameduwaa. Kumbukeni ametoka kula gombo zima la maneno ya Mungu, tamu kinywani kama asali. Amejaa. Na hasemi neno. Hata Bwana mwenyewe hasemi naye tena mpaka siku saba ziishe.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ezekieli alipewa saba.

Mimi muhula wangu wa kwanza nje nilishika jembe siku ya pili. Nilifika na maandalio ya masomo ya wiki nne, nikafundisha kwa nguvu zote, na kila baada ya hoja nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia ndiyo. Mwisho wa wiki ya pili nikakusanya madaftari. Majibu hayakuhusiana kabisa na niliyofundisha. Niliumia, kisha nikakasirika, nikamwambia Mungu katika sala kwamba amenileta kwa watoto wasiosema kweli. Ni mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa pale, mtu mzima na mpole, aliyenifungua macho. Aliniambia mwanafunzi wa pale akisema mbele ya wenzake kwamba hajaelewa, anayeaibika ni mwalimu. Watoto walikuwa wananisitiri.

Nilikuwa nimeichukua heshima yao nikaiita uongo, tena mbele za Mungu. Jambo hilo nililitubu, na nasema kutubu kwa maana yake kamili.

Nikamwomba mwenzangu yule aniruhusu kukaa nyuma ya darasa lake wiki nzima. Nilijifunza mambo madogo ambayo hakuna aliyekuwa ameniandikia: anasubiri muda gani baada ya kuuliza swali, anasimama wapi akitaka kukosoa, ni nani darasani ambaye wenzake humtazama kwanza kabla ya kujibu. Niliporudi kwa wanafunzi wangu sikuuliza tena kama wameelewa. Niliwagawia vipande vya karatasi, kila mmoja aandike swali moja bila kutaja jina. Siku ile nilipata maswali mengi kuliko niliyoyapata tangu nifike, na mengine yalikuwa mazito kweli.

Kuna jambo katika sura hii ambalo sikuliona kwa miaka mingi. Mistari ya 5 na 6 Bwana anamwambia Ezekieli kwamba hakutumwa kwa watu wa maneno mageni na lugha ngumu, bali kwa nyumba ya Israeli. Walikuwa ndugu zake! Lugha moja, baba mmoja. Na hata kwa hao ilimpasa aketi kwanza. Sasa sisi, ambao hata salamu tunajifunza upya, tunapata wapi haraka ya kusema?

Najua jibu moja, maana nimelibeba. Haraka hutoka katika kuhesabu siku za kuondoka. Hanania, yule nabii wa uongo, aliwaambia watu kwamba miaka miwili tu uhamisho utakuwa umekwisha. Yeremia akawaandikia wahamishwa barua: jengeni nyumba, pandeni bustani, mwombeeni amani mji huo. Wengi wetu huko nje tunaishi kwa kalenda ya Hanania. Masanduku hayajafunguliwa vizuri, majirani hatuwajui majina, na moyo uko kwenye tarehe ya mwisho wa mkataba. Hata kama mkataba wako ni wa mwaka mmoja, panda kitu.

Wapo watakaoniuliza kama kuketi na watu ni kukubali kila kitu chao. Hapana. Danieli alisoma maandishi na lugha ya Wakaldayo, akaitwa kwa jina lao, Belteshaza, na meza ya mfalme akaikataa. Ila angalieni: aliyajua mambo yao vizuri, na kukataa kwake kulikuwa kwa adabu.

Sasa fungueni Ezekieli sura ya 8, mstari wa kwanza. Imepita kama miezi kumi na minne tangu maono ya kwanza. Ezekieli ameketi nyumbani mwake, kumbe ana nyumba sasa, na wazee wa Yuda wameketi mbele yake. Maandiko hayasemi kwamba aliwaita. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi wiki hii, nikamwona yule aliyeanza kwa kuketi kwao akiduwaa, na sasa wao ndio wamekuja kuketi kwake.

Jumatatu napokea darasa jipya, wanafunzi ambao sijawahi kuwaona. Niombeeni.