Nilivyoacha kukariri chemsha bongo nikaanza kuunganisha

"Kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili wa binadamu ni kipi?" Nilijibu "ini" palepale, na kikundi chetu kikatolewa. Jibu ni ngozi. Ini linaongoza kwa vile vya ndani tu. Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo daftarini, na nilikwisha kulisoma mara nyingi.

Nilipolifungua tena lile daftari nikaona tatizo. Viumbe vya hadithi nimeviandika huku, mwili kule, ufundi na Ukristo kurasa zao. Hakuna kilichomjua mwenzake. Basi nikaanza upya, nikajiwekea sharti: siandiki jambo mpaka nimepata linaposhikana na jingine.

Sikio ndilo lililonifungua macho. Sikio la kati lina mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Hii si karakana ya mhunzi? Sauti hutikisa kiwambo, kiwambo kikaisukuma nyundo, nyundo ikaisukuma fuawe, fuawe ikakisukuma kikuku, nacho kikapeleka mtikisiko kwenye umajimaji wa sikio la ndani. Kikuku, kilichoitwa hivyo kwa kufanana na kile chuma anachokanyagia mpanda farasi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3 tu. Na ukishafika kwa mhunzi, Hephaestus hayuko mbali, yule mungu kilema wa Wagiriki aliyemfulia shujaa wao Achilles silaha. Achilles naye anakupeleka kwenye kano ya kisigino inayoitwa kwa jina lake. Tangu siku hiyo sijawahi kusahau hata kimoja katika mnyororo huo.

Mkono nao ukawa daftari. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, sawasawa na vitabu vya Agano Jipya. Mbavu ni jozi 12, kama mitume. Najua hizo namba zimekutana kwa bahati tu, lakini kichwa kinazishika.

Nilikaa muda mrefu zaidi kwa mnyama wa pembe moja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamtaja, ya Kiswahili haimtaji. Kwa nini? Neno la Kiebrania ni re'em, na wengi leo wanaona ni aina ya ng'ombe mwitu. Waliotafsiri kwa Kigiriki zamani wakaandika "mwenye pembe moja", na Waingereza wakafuata. Fungua Hesabu 23:22 kwa Kiswahili utakuta nyati. Nilifurahi sana siku hiyo, maana kiumbe kizima cha hadithi kilipata njia ya kuingia katika Maandiko kwa tafsiri ya neno moja.

Ngozi, iliyonitoa machozi, niliiunganisha na Matendo ya Mitume: Petro akiwa Yafa alikaa kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi. Paulo na mahema yake nikamweka jirani, maana wote wanaishi kwa kazi ya mikono.

Tuliporudi shindanoni, duru ya mwisho, msomaji akauliza: "Mwenyeji wa Petro kule Yafa alikuwa fundi wa nini?" Wenzangu wakanigeukia. Safari hii sikukimbilia kujibu. Niliushika kwanza mkono wangu wa kushoto, nikaivuta ngozi ya juu yake kwa vidole viwili, ndipo nikasema.