Pembe ya Bendera

Mwalimu Mkuu aliikunja mwenyewe, mara nne, akaniwekea mikononi kama mtu anayekabidhi mtoto aliyelala. "Mpelekee babu yako. Mwambie Saba Saba hiyo imefika." Ilikuwa mwishoni mwa Juni 1984, Mikindani, pwani ya kusini mwa Tanzania, nami nilikuwa darasa la sita.

Bendera ile ilikuwa imechoka. Mwezi wa Aprili ilipepea nusu mlingoti kwa maombolezo ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mvua ikainyeshea, kisha upepo wa kusi ukaingia. Kusi halichani bendera katikati. Huanzia upande ulio mbali na mlingoti, ule unaopigwapigwa mchana kutwa, na pembe ya juu ndiyo hutangulia. Ncha ya mstari mweusi ilikuwa imebaki nyuzi tupu, njano zake zote mbili zimekatika, na buluu iliyo chini yake imechanika kiasi cha shibiri.

Babu alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani, mashine ikitazama njia inayoshuka ghubani, na ukiinua macho kutoka pale unaliona Boma la Wajerumani kule mlimani, wakati huo kuta zake zimeota magugu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Nguo ya nani hiyo?"

Niliikunjua. Akaacha kukanyaga mashine. Alinawa mikono kwanza, akaitandaza mkekani, akapitisha kidole pale ilipochanika. Mimi nilikuwa nimeshapata dawa yake njiani: tukate ile sehemu mbovu, tupige pindo, basi. Nikamwambia.

"Ukikata hapa," alisema, "mstari mweusi hautafika pembeni. Utaishia hewani. Umeiona wapi hiyo?"

Nilitazama upya, na nadhani ndiyo siku ya kwanza niliyoitazama bendera yetu kweli, ingawa niliiimbia kila asubuhi. Mweusi unaanzia chini, kwenye mlingoti, unapanda mshazari mpaka pembe ya juu ya upande wa pili. Kijani iko juu, imeshika mlingoti. Buluu iko chini, upande wa upepo. Punguza shibiri moja tu na mshazari wote unakwenda kombo. Babu aliiogopa ile kata ya mshazari kuliko suruali ya bwana harusi, kwa sababu kitambaa kikikatwa upande huvutika, na ukikivuta kidogo tu wakati wa kushona, bendera nzima inajikunja kama jani la mgomba juani.

Basi ilihitaji kitambaa kipya, na mwaka ule kitambaa hakikuwepo. Waliokuwa watu wazima enzi zile hawahitaji kuelezwa. Foleni ya duka la ushirika ilianza alfajiri, na wengi waliishia kurudi na kibiriti.

Babu akaingia ndani. Nilisikia sanduku la mbao likiburutwa kutoka mvunguni. Alirudi na furushi mbili, akafungua ya kwanza: mistari mitano iliyolala, kijani, njano, nyeusi, njano, kijani. Sikuwahi kuiona.

"Tanganyika," alisema. Aliishona mwenyewe kwa ajili ya sherehe za mtaani, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ili Mikindani nayo iwe na yake saa ile ile bendera ya Mwingereza ilipokuwa ikishushwa Dar es Salaam. Kitambaa cheusi hakukipata dukani, akatumia kaniki. Mvua ya kwanza kaniki ikachuja, ikachafua njano kwa madoa ambayo hayakutoka tena. Alinionyesha madoa hayo. "Nililia," alisema. Babu hakuwa mtu wa kulia, wala hakutabasamu aliposema hivyo.

Kisha akaniwekea wembe mkononi, tukaanza kufumua, na kadiri nyuzi zilivyotoka ndivyo maneno yalivyomtoka. Bendera ya kwanza ambayo babu yake yeye aliijua ilikuwa nyekundu tupu, ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilikodishwa pwani hii, na mwezi Agosti kule Pangani wakala wao akapandisha bendera ya kampuni na kuukata mlingoti wa Sultani. Pwani nzima ikawaka. Huku kusini watu wa bara waliteremka na bunduki zao, na Wajerumani wa Lindi na Mikindani wakakimbilia baharini. Kilwa wawili wao waliuawa. Wajerumani walirudi Mei 1890, safari hii na jeshi la kamanda wao Wissmann na mizinga, na mwaka huo huo Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4, pwani ikawa yao moja kwa moja. Miaka mitano baadaye wakajenga lile Boma, na juu yake nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mwaka 1916 ikaja ya Mwingereza, na baada yake ile nyekundu ya Tanganyika yenye kichwa cha twiga, ambayo Babu alisimama mbele yake akiwa mwanafunzi.

Tarehe hizi nimezipanga baadaye kwa kusoma. Babu hakuzitaja kwa miaka. Alisema "ya Sultani," "ya Mjerumani," "ya twiga," na kila moja aliisemea kifundi: ile nyekundu ilikuwa rahisi, kipande kimoja na pindo, ya Mjerumani mistari mitatu, mshono wa mtoto anayejifunza, ya Mwingereza ilimtoa fundi jasho. "Lakini hakuna aliyekuja kutupima kabla ya kukata," alisema. "Hii ya kwanza ndiyo tuliyopimwa." Aliushika mstari wa njano wenye madoa. Mimi nimeshasoma mengi tangu siku ile kuhusu ukoloni, na bado sijapata maneno yanayolingana na hayo.

Njano ya 1961 ilitufaa sana. Mistari yake ilikuwa myembamba tayari, na kwa kuwa ilikatwa sawa na uzi haikuvutika. Tuliigeuza ili madoa yaangalie chini ya mshono. Buluu alikuwa nayo kipande, baki la 1964. Babu alinieleza kuwa mwaka ule, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, hawakutupa bendera yoyote kati ya mbili zile. Kijani, nyeusi na njano zilitoka kwetu, buluu ikatoka kwenye bendera ya Visiwani iliyokuwa buluu, nyeusi na kijani, na ule mstari wetu uliolala ukasimamishwa mshazari. Alipoipata sura yake mara ya kwanza, alikaa siku mbili akiikata kwenye gazeti kabla ya kugusa kitambaa.

Ilibaki nyeusi. Kaniki yake ilikuwa imepauka, ya kijivu.

Furushi la pili lilikuwa la Bibi. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na nilijua amesimama kwa sababu ya furushi hilo.

Bibi alizaliwa Kionga, ng'ambo ya mdomo wa mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Mjerumani aliichukua Kionga mwaka 1894, Mreno akaichukua tena 1916, na baada ya vita akaachiwa. Mama yake Bibi alizaliwa chini ya Mjerumani, Bibi chini ya Mreno, katika kiwanja kimoja, chini ya mnazi mmoja. Akaolewa Mikindani akawa wa Mwingereza. Vita vya Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, dhidi ya Mreno vilipoanza Septemba 1964, ndugu zake walivuka mto usiku na watoto mgongoni, wakajaa nyumba hii hii ninayoisimulia. Na ilipofika tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ilipopata uhuru, wakamwomba shemeji yao fundi awashonee bendera.

Ilikuwa balaa kushona. Rangi zake zilichanua kutoka pembe ya juu ya mlingoti kama miale: kijani, nyekundu, nyeusi, njano, na weupe katikati ya kila mbili. Nembo ya gurudumu, kitabu, jembe na bunduki ilimshinda Babu; akaacha pembe ile wazi. Walicheza nayo hadi asubuhi hivyo hivyo. Nyeusi yake ilikuwa kitambaa kizuri, kizito, hakijachuja.

Babu hakuiomba. Aliikunjua, akaitandaza kando ya ya kwetu, akaanza kutia uzi kwenye bobini, taratibu mno. Nami nikanyamaza, kwa kuwa nilimwogopa Bibi.

"Wenyewe wameshaibadilisha," Bibi alisema mwishowe. Ilikuwa kweli, mwaka mmoja nyuma, 1983, Msumbiji walikuwa wameilaza mistari na kutia pembetatu nyekundu. Ndugu zake walikuwa wamerudi kwao, naye alibaki na ile ya zamani ambayo haikupandishwa tena popote duniani. "Wameibadilisha bila kuniambia. Kata."

"Mama watoto..."

"Kata, baba. Mweusi ni mweusi. Ila usiguse nyekundu. Hiyo ni ya wasiorudi."

Alikata shibiri moja na vidole viwili. Nilishika ncha ya pili isivutike, mikono ikinitetemeka, na yeye akakanyaga mashine polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Tulipomaliza aliipiga pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye maji, akanyoosha utepe kutoka pembe ya chini hadi ya juu. Mweusi ulifika.

Ile iliyobaki ya Msumbiji Bibi aliikunja upya, ikiwa na tundu, akairudisha sandukuni kwa mkono wake.

Siku ya Saba Saba mwanafunzi wa darasa la saba aliipandisha. Filimbi ikalia, waliokuwa wakipita barabarani wakasimama, mwenye baiskeli akashuka. Babu alikuwa safu ya mbele na wazee wenzake, amevaa kanzu, macho yameganda kwenye ile pembe. Bibi sikumtegemea. Hakuwa mtu wa kuja kwenye mikutano. Lakini wimbo ulipoisha nilimwona chini ya mwembe, nyuma ya watu wote, kanga yake ameibana kidevuni kwa ajili ya upepo.

Nilimkimbilia.

"Mke mwenzangu," aliniambia, macho yake hayakuwa mazuri tena wakati ule, "kipande changu kiko wapi?"

Nikamshika mkono, nikaunyoosha kuelekea juu, mbali kabisa na mlingoti, pale kusi lilipokuwa likipiga zaidi.