Neno Lako Liwe Kama Neno la Mmoja Wao

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo la juma hili ni 1 Wafalme 22, mstari wa 1 hadi 38. Tafadhali lisome lote kwanza. Sura hii tunaikumbuka kwa manabii mia nne na zile pembe za chuma za Sedekia, na kwa haraka hiyo tunampita mtu mmoja ambaye Biblia haikutaja hata jina lake: mjumbe aliyetumwa kwenda kumwita Mikaya.

Mfalme Ahabu anataka kuutwaa Ramoth-Gileadi kutoka mikononi mwa Washami. Yehoshafati wa Yuda, mgeni wake, ameshakubali kwenda naye vitani, ila anaomba kwanza liulizwe neno la Bwana. Manabii wapata mia nne wanakusanywa, na jibu lao ni moja: panda. Yehoshafati moyo haujamtulia. Anauliza kama hakuna nabii mwingine. Yupo, anasema Ahabu, Mikaya mwana wa Imla, "lakini namchukia". Basi mjumbe anakwenda kumwita, na anamweleza Mikaya jinsi mambo yalivyo: manabii wote kwa kinywa kimoja wamemtabiria mfalme mema. "Neno lako basi, nakusihi, liwe kama neno la mmoja wao."

Hilo "nakusihi" limenishika wiki nzima. Mimi simwoni huyu kama adui wa Mikaya. Hakuja na panga wala bahasha. Amemwona mfalme kiti cha enzi kikiwa uwanjani, amewaona manabii wamejaa mbele yake, anajua mtu mmoja akisimama kinyume pale yatampata nini. Anamwonea huruma. Kwa Kiswahili chetu angemwambia, ndugu yangu, wengi wape. Na angemwona anasita, angeongeza kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Tena hakumwomba aseme uongo. Alimwomba tu afanane na wenzake.

(Mstari wa 15 una ugumu wake, pale Mikaya anapomjibu mfalme maneno yale yale ya manabii. Wengi wanausoma kama kejeli, na Ahabu mwenyewe aliitambua papo hapo. Hilo tuliache kwa siku nyingine.)

Sasa nataka twende Washington, Agosti 1964.

Tarehe 2 mwezi huo, manowari ya Marekani iitwayo Maddox ilishambuliwa na boti za Vietnam Kaskazini katika Ghuba ya Tonkin. Hilo lilitokea kweli. Usiku wa tarehe 4, Maddox na manowari nyingine, Turner Joy, zikatoa taarifa kwamba zinashambuliwa tena. Usiku ulikuwa mweusi tititi na bahari imechafuka. Mabaharia wenye vyombo vya kusikilizia sauti chini ya maji walisikia topido, yaani makombora ya chini ya maji, moja baada ya jingine, na mizinga ikafyatuliwa gizani. Juu yao alikuwepo rubani, James Stockdale, akishuka mpaka karibu na mawimbi akitafuta boti za adui. Baadaye alieleza kwamba hakuona hata moja. Aliona maji meusi, na moto wa mizinga ya Wamarekani wenyewe. Naye Kapteni John Herrick, aliyeziongoza manowari hizo mbili, alituma ujumbe ndani ya saa chache kwamba taarifa nyingi kati ya zile zinatia shaka: huenda hali ya hewa iliidanganya rada, na wasikilizaji wake walikuwa na hamasa kupita kiasi.

Ujumbe wa Herrick ulifika. Lakini kabla siku hiyo haijaisha, Rais Lyndon Johnson alitokea kwenye televisheni akalitangazia taifa kwamba ndege zinakwenda kulipiza. Shambulio lile la pili halikuwepo. Mwanahistoria wa idara ya ujasusi ya Marekani yenyewe aliandika hivyo, na andiko lake likawekwa wazi mwaka 2005, miaka 41 baadaye.

Siku tatu tu baada ya usiku ule, tarehe 7 Agosti, azimio la kumruhusu Rais achukue hatua zote zinazohitajika lilipigiwa kura katika mabaraza yote mawili ya Bunge. Baraza la Wawakilishi lilitumia kama dakika 40. Ndiyo 416, hapana sifuri. Kwenye Seneti ndiyo zilikuwa 88, hapana 2.

Hao wawili walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. Wote walikuwa wa chama cha Rais, Democratic. Gruening alikuwa mzee wa miaka 77, aliyesomea udaktari, akauacha kabla hajaanza kutibu na kuingia kwenye uandishi wa habari. Tangu mwezi Machi mwaka ule alikuwa amekwisha kusimama Seneti na kusema Vietnam yote haina thamani ya uhai wa kijana mmoja wa Kimarekani. Morse alikuwa mwanasheria, mkuu wa zamani wa kitivo cha sheria katika chuo kikuu, na mtu mgumu kweli kweli. Alianza Republican, akakihama chama, akakaa bila chama, kisha akaingia Democratic. Mwaka 1953 aliwahi kusimama akahutubia Seneti kwa zaidi ya saa 22 mfululizo. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumpuuza. Ndivyo alivyo huyu, watu husema, hakuna asilolipinga. Ahabu naye alikuwa na sentensi ya namna hiyo kuhusu Mikaya: hanibashirii mema.

Lakini Morse hakusimama kwa ubishi. Alikuwa amepigiwa simu na mtu wa ndani wa wizara ya ulinzi aliyemshauri aulizie kitabu cha safari cha Maddox: meli ilikuwa wapi hasa, na ilikuwa inafanya nini. Aliwaambia wenzake kwamba siku chache kabla, boti za Vietnam Kusini, mshirika wa Marekani, zilikuwa zimevipiga visiwa vya Kaskazini huku Maddox ikiwa katika eneo hilo hilo. Waziri wa Ulinzi Robert McNamara alikuwa amewahakikishia maseneta kwamba jeshi la majini halikuhusika na mashambulizi hayo wala halikuyajua. Morse akaisoma Katiba mbele ya viti vilivyokuwa vitupu kwa sehemu kubwa, akisema Bunge linagawa mamlaka ya vita ambayo si ya kugawa, na kwamba historia itaandika kuwa wamefanya kosa kubwa.

Mimi lakini simfikirii sana Morse. Namfikiria Gaylord Nelson, seneta wa Wisconsin. Nelson alikuwa na wasiwasi ule ule. Aliandaa hata maneno ya kuongeza kwenye azimio, kwamba nia ya Bunge si kupanua vita. Akampelekea William Fulbright, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, aliyekuwa akilisimamia azimio lile. Fulbright hakumkemea. Alimwambia maneno yako hayana ubaya wowote, hata Rais hana nia nyingine, ila tukiyaongeza tutachelewa, itabidi turudi tena kukubaliana na Baraza la Wawakilishi. Uchaguzi ulikuwa Novemba. Fulbright alimwamini Johnson kama rafiki na alimwogopa zaidi mpinzani wake, Barry Goldwater. Nelson akayaondoa maneno yake, akapiga kura ya ndiyo.

Mnaona? Mjumbe yule wa Samaria. Mtu mwema, mwenye sababu nzuri, anayekusihi.

Naandika haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita ukoo wetu ulikaa kikao juu ya shamba la ndugu yetu mmoja aliyefariki. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Wazee walikuwa wameshaamua kabla hatujakaa: shamba lirudi kwa ukoo, mjane apewe kile kipande cha kule bondeni kinachotuama maji. Mjane alikaa karibu na mlango, mtoto amelala mapajani, na alikuwa akikunjakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena. Nilikuwa na la kusema. Marehemu aliniambia kwa kinywa chake anataka nini. Baba mdogo mmoja, ninayempenda mpaka leo, aliyesoma uso wangu vizuri, aliniinamia akaniambia taratibu: mwanangu, ukisema wewe peke yako utaonekana umetumwa na huyo mama, tulia, tutalirekebisha baadaye. Nikainamisha kichwa. Kwenye daftari nikaandika: wajumbe wote wamekubali.

Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenipa kitu. Ni mwandiko wangu ule, kwa wino wa bluu, na neno "wote" ndani yake. Baadaye ile haijafika.

Kwa hiyo ninaposoma kura ya 88 kwa 2 siwezi kuwahukumu wale 88 kana kwamba mimi ni wa kabila lingine. Wengi wao hawakuwa wapenda vita. Baadhi walikuwa na shaka, wakaikunja shaka yao wakaiweka mfukoni, kila mmoja akidhani mwenzake ana uhakika. Kutoka 23:2 inasema, "Usiandamane na mkutano kutenda uovu." Zamani nilidhani mkutano huo ni genge la watu wenye marungu. Siku hizi naona unaweza kuwa ukumbi wenye zulia, wenye watu wanaoheshimiana, wanaotaka kumaliza mapema.

Mwishoni mwa 1964 askari wa Marekani nchini Vietnam walikuwa kama 23,000. Mwaka 1968 walizidi 500,000. Vita havikutangazwa kamwe. Johnson alilitumia azimio lile lile. Wamarekani waliokufa ni zaidi ya 58,000. Upande wa Wavietnamu, serikali yao inataja takriban milioni 3.

Fulbright alijutia, na nampa heshima kwa hilo kwa sababu alijutia hadharani akiwa bado na cheo cha kupoteza. Mwaka 1966 aliitisha mahojiano ya kamati yake kuhusu vita, yakaonyeshwa kwenye televisheni. Machi mwaka huo Morse alitaka azimio lifutwe. Seneti ikaliweka kando ombi lake kwa kura 92 kwa 5. Kutoka wawili hadi watano katika miezi 19, na mmoja wa hao watano alikuwa Fulbright. Azimio lilikuja kufutwa Januari 1971. Wakati huo kuvipinga vita hakukuwa tena na upweke: barabara zilijaa waandamanaji, na wanasiasa wengi walikuwa wamegundua kwamba daima walikuwa na mashaka. Kuvipinga vita baada ya watu kuvichoka kuna faida yake, sikatai. Bei yake tu ni nyingine.

Morse na Gruening walipoteza viti vyao mwaka huo huo mmoja, 1968. Sisemi ni Vietnam pekee iliyowaangusha. Umri wa Gruening ulisemwa sana, na Morse alikuwa na maadui wa sababu nyingi. Alishindwa kwa kura kama 3,000 tu. Gruening alifariki tarehe 26 Juni 1974. Morse alifuata tarehe 22 Julai, hata mwezi haujapita, akiwa katikati ya kampeni ya kukirudia kiti chake. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka tarehe 30 Aprili 1975. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuona mwisho.

Tumezoea shuhuda zinazoishia vizuri. Danieli anatoka kwenye tundu la simba, Yusufu anatoka gerezani, na sisi tunapiga makofi. Siku hizi nasoma 1 Wafalme 22 nikitafuta mahali Mikaya anapotoka, na sipaoni. Anapigwa kofi shavuni na Sedekia mbele ya wafalme wawili. Anakabidhiwa kwa Amoni, mkuu wa mji, na kwa Yoashi mwana wa mfalme, atiwe gerezani, alishwe chakula cha shida na maji ya shida hata mfalme atakaporudi kwa amani. Kisha hadithi inaondoka naye. Inakwenda Ramoth-Gileadi, kwa Ahabu aliyejibadilisha mavazi asitambulikane, kwa mtu mmoja aliyevuta upinde pasipo kumlenga yeye, kwa mshale uliopenya kati ya viungo vya mavazi ya chuma, kwa damu iliyomwagika ndani ya gari mpaka jioni.

Alhamisi jumuiya ikikutana, naomba mnisaidie kwenye jambo hili moja, maana limenishinda. Mfalme amezikwa Samaria. Gari limeoshwa kwenye birika, mbwa wamelamba damu. Kila kitu Mikaya alichosema kimekuwa. Na Amoni bado ana amri yake mkononi: mfungeni huyu hata nitakaporudi kwa amani. Aliyeitoa hakurudi kwa amani.